Hukumu ya Watazamaji: Miisho Miwili ya Sinema ya "Fatal Attraction"

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi maoni ya watazamaji yalivyoibadili sinema moja mashuhuri ya Marekani, na jinsi maoni hayo yenyewe yalivyobadilika katika miaka iliyofuata. Sinema hiyo ni Fatal Attraction, iliyotolewa na kampuni ya Paramount mwezi wa Septemba, 1987. Mwongozaji wake alikuwa Adrian Lyne, na mwandishi wa mchezo alikuwa James Dearden, wote wawili Waingereza. Wahakiki huiweka katika jamii ya sinema za taharuki ambazo ndani yake ashiki, hofu na jinai hufuatana kama kivuli na mwenyewe.

Neno maoni, kama tujuavyo, latokana na kitenzi kuona. Kwa desturi ya lugha yetu, basi, mtu huona kwanza, kisha akawa na maoni. Utaratibu huo ndio unaodhaniwa na wahakiki wengi waandikapo habari za sinema: kazi hutungwa, hutolewa mbele ya watu, ndipo watu wanapotoa hukumu yao. Katika habari tutakayoisimulia utaratibu huu ulipinduliwa. Watu mia chache waliulizwa maoni yao, na maoni hayo yakaamua mamilioni ya wengine wataona nini. Yampasa basi mwanahistoria kuuliza: watu hao walikuwa nani, waliulizwa jambo gani, na ni nani ambaye hakuulizwa?

I. Sinema za giza na sheria ya miisho

Baada ya Vita Kuu ya Pili, sinema za Marekani zilizokuwa zimezuiliwa wakati wa vita zilifika Ufaransa kwa wingi. Wahakiki wa huko waliona kwamba nyingi zilikuwa na tabia moja: usiku, mvua, vivuli virefu ukutani, mwanamume dhaifu, na mwanamke mzuri anayemwongoza kwenye maangamizi. Mwaka 1946 mhakiki Nino Frank alizipa sinema hizo jina la nyeusi, na jina hilo likabaki. Mfano wake ulio bora ni Double Indemnity ya Billy Wilder, ya mwaka 1944, ambamo wakala wa bima anashawishiwa na mke wa mtu amwue mumewe ili wapate fedha za bima.

Katika zama zile mwisho wa hadithi haukuwa mali ya mtunzi peke yake. Tangu mwaka 1934 wenye viwanda vya sinema vya Hollywood walishika kwa ukali kanuni za maadili walizojiwekea wenyewe. Kanuni hizo zilikataza uzinzi usionyeshwe kuwa jambo jema wala la kupendeza, na zilitaka jinai isibaki bila adhabu. Kwa hiyo mtazamaji wa mwaka 1944 alijua, hata kabla ya taa kuzimwa, kwamba wapenzi wale wawili hawatapona. Alilongojea kujua ni jinsi gani watakavyoangamia.

Kanuni hizo ziliondolewa mwaka 1968, na badala yake ukawekwa utaratibu wa kuzipanga sinema kwa umri wa watazamaji. Ndipo sinema za giza zilipozaliwa upya, safari hii zikiwa na rangi, na zikionyesha wazi yale ambayo zamani yalidokezwa kwa mlango kufungwa. Body Heat ya Lawrence Kasdan, ya mwaka 1981, ilirudia karibu hadithi ile ile ya mke, mpenzi na mume anayeuawa, lakini mwanamke wa Kasdan anatoroka na fedha zote bila kuadhibiwa. Ilionekana kwamba sheria ya miisho imekufa. Fatal Attraction itatuonyesha kwamba haikufa. Ilibadili mwenyewe tu.

II. Desturi ya kuwapima watazamaji

Jambo la kuwaonyesha watu sinema kabla haijakamilika lilikuwa la kale huko Hollywood. Mifano miwili yatosha kuonyesha faida yake na hasara yake.

Tarehe 17 Machi, 1942, sinema ya Orson Welles, The Magnificent Ambersons, ilionyeshwa katika mji wa Pomona, jimbo la California. Wengi wa waliohudhuria hawakuipenda, na baadhi yao walicheka mahali pasipostahili kicheko. Welles mwenyewe alikuwa Brazil kwa kazi nyingine. Wenye kampuni ya RKO walikata zaidi ya dakika 40, wakapiga mwisho mpya wa furaha, na vipande vilivyokatwa viliharibiwa. Hata leo wanafunzi wa sinema wanaviomboleza.

Kwa upande wa pili, Billy Wilder alipoionyesha Sunset Boulevard kwa majaribio kabla ya kuitoa mwaka 1950, ilianza na maiti wakizungumza katika nyumba ya kuhifadhia wafu. Watu walicheka. Wilder aliuondoa mwanzo huo, akaweka ule unaojulikana leo, wa maiti akielea katika bwawa la kuogelea huku sauti yake ikitusimulia kisa. Hapana anayedai kwamba watazamaji wale walikosea.

Tofauti ya mifano hii miwili si kwamba watazamaji wa kwanza walikuwa wajinga na wa pili wenye akili. Wote walicheka. Tofauti ni nani aliyekipokea kicheko na kukitafsiri. Wilder alikipokea mwenyewe, na akakitumia kuikamilisha nia yake. Cha Pomona kilipokewa na wenye mali, na wakakitumia kuipindua nia ya mtu asiyekuwapo.

Katika mwaka 1978 Joseph Farrell alianzisha shirika la National Research Group, na kupima watazamaji kukawa kazi ya kitaalamu. Watu walialikwa, wakatazama, kisha wakajaza karatasi: umeipendaje sinema hii, utamshauri rafiki yako aitazame, ni mhusika gani uliyemchukia? Majibu yalijumlishwa yakawa hesabu, na hesabu zikapelekwa kwa wenye kampuni. Kicheko chaweza kutafsiriwa kwa njia nyingi. Hesabu huonekana kana kwamba haihitaji tafsiri.

III. Hadithi na mwisho wake wa kwanza

Asili ya Fatal Attraction ni sinema fupi iitwayo Diversion, ambayo Dearden aliiandika na kuiongoza huko Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970. Ni habari ya mume ambaye mkewe amesafiri, naye akalala na mwanamke mwingine. Humalizika kwa mlio wa simu. Hakuna kisu wala damu. Lililopo ni hofu ya mtu anayejua kwamba alilolitenda halitakubali kufutwa. Mzigo wote umewekwa juu ya mabega ya mwanamume.

Katika sinema ndefu mwanamume ni Dan Gallagher, wakili wa New York, aliyechezwa na Michael Douglas. Mwanamke ni Alex Forrest, mhariri wa vitabu, aliyechezwa na Glenn Close. Na mke ni Beth, aliyechezwa na Anne Archer. Dan na Alex wanakutana mwisho wa juma Beth hayupo. Kwa Dan jambo limekwisha siku ile ile. Kwa Alex ndipo limeanza. Anajikata mishipa ya mikono, anapiga simu usiku wa manane, anasema ana mimba, anaimwagia gari lake tindikali, na siku moja Beth anafunua sufuria jikoni akamkuta sungura wa mtoto wao amechemshwa.

Mwisho uliotungwa na kupigwa picha kwanza ulikuwa huu. Alex anajiua kwa kisu ambacho Dan alikuwa amekishika, nacho kina alama za vidole vyake. Polisi wanamkamata Dan kwa mauaji. Beth anagundua kanda ya sauti ambamo Alex alitamka nia ya kujiua, na kwa hiyo twaelewa kwamba huenda mumewe akaokoka. Wakati Alex anapojiua, muziki unaosikika ni wa opera ya Puccini, Madama Butterfly, ambayo yeye na Dan walikwisha kuizungumza mapema katika hadithi: habari ya mwanamke wa Kijapani aliyetumiwa na baharia Mmarekani, akaachwa, akajiua.

Hapa pana jambo ambalo halikutajwa sana na wahakiki, nalo lafaa kukumbukwa. Opera hiyo yenyewe ilihukumiwa na watazamaji wake. Ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika Teatro alla Scala, mjini Milan, tarehe 17 Februari, 1904, ilizomewa, na Puccini akaiondoa baada ya usiku mmoja. Aliigawa sehemu ya pili iliyokuwa ndefu mno, akarekebisha mengine, na tarehe 28 Mei ya mwaka ule ule ilishangiliwa mjini Brescia. Lakini katika marekebisho yote hayo kifo cha Butterfly hakikuguswa. Watu wa Milan walimlazimisha mtunzi kubadili urefu na mpango wa kazi yake. Hawakumlazimisha kubadili upande wa haki.

IV. Mwisho wa pili

Watazamaji wa majaribio wa mwaka 1987 waliifuata sinema kwa shauku mpaka karibu na mwisho, kisha wakapoa. Majibu yao yalionyesha kwamba wamemchukia Alex kwa moyo wote, na hawakuridhika kumwona akijichagulia kifo chake na kumwachia Dan pingu. Walitaka aadhibiwe, na aadhibiwe na wale aliowatesa. Ikaamuliwa mwisho upigwe upya, kwa gharama iliyotajwa kuwa dola milioni 1.3, katika sinema ambayo gharama yake yote ilikuwa kama dola milioni 14.

Glenn Close alipinga. Alikuwa amemchukua Alex kuwa mwanamke mgonjwa, aliyeumizwa zamani, na alikuwa amewauliza madaktari wa akili habari za tabia yake. Kwa maoni yake mtu wa namna ile angejidhuru mwenyewe kabla ya kuwadhuru wengine. Alishindana na wenye kazi kwa muda wa majuma mawili, mwishowe akakubali. Katika mwisho mpya Alex anaingia nyumbani kwa Gallagher na kisu, anamshambulia Beth bafuni, Dan anamzamisha majini mpaka anaonekana amekufa, anainuka tena ghafula, na Beth anampiga risasi. Picha ya mwisho tunayoonyeshwa ni ya familia: mume, mke na mtoto, katika fremu.

Ukiyalinganisha maneno ya kanuni za mwaka 1934 na mwisho huu, hutaona tofauti kubwa. Ndoa imetukuzwa, mzinzi mmoja ameuawa, na utaratibu wa nyumba umerejea. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna ofisi iliyoamuru. Watazamaji walioachiwa huru na sheria waliidai sheria irudi, na hukumu waliyoitoa ilikuwa kali kuliko ya ofisi kwa mwanamke, na nyepesi kuliko ya ofisi kwa mwanamume. Chini ya kanuni za zamani wakala wa bima naye aliangamia. Dan Gallagher haangamii; anasamehewa. Tena mtu aliyeuawa bafuni alikuwa amekwisha kusema kwamba ana mimba, na mwisho mpya hauna nafasi hata ya kulitaja jambo hilo.

V. Maoni baada ya kutolewa

Kwa upande wa biashara hesabu za karatasi zilithibitishwa. Sinema ilikaa mahali pa kwanza kwa majuma nane katika Marekani, ikapata huko kama dola milioni 156, na duniani kote kama dola milioni 320. Ilitajwa kwa tuzo sita za Oscar, ingawa haikushinda hata moja. Mwezi wa Novemba gazeti la Time liliiweka katika jalada lake. Watu waliijadili kazini na mezani, na wengi waliihusisha na hofu ya UKIMWI, maradhi yaliyokuwa yametambuliwa mwaka 1981: usiku mmoja nje ya ndoa, na mauti mlangoni.

Yasemekana kwamba katika kumbi nyingi wanaume walipiga kelele wakitaka mwanamke yule auawe. Mwandishi Susan Faludi aliyaeleza hayo katika kitabu chake Backlash, cha mwaka 1991, na akafuatilia jinsi mchezo wa Dearden ulivyosogezwa, hatua kwa hatua, kutoka lawama ya mume hadi wazimu wa mwanamke asiyeolewa. Kabla yake Pauline Kael wa gazeti la The New Yorker alikwisha kuona kwamba ndani ya sinema hii wanawake wanaodai haki zao wametazamwa kwa jicho ambalo zamani lilitazama wachawi. Roger Ebert naye, aliyeisifu sehemu kubwa ya sinema, aliulaumu mwisho wake kwamba umeshuka hadi kuwa sinema ya kutisha ya kawaida.

Kwa hiyo si kweli kusema kwamba "watazamaji" waliupenda mwisho mpya. Walioupenda ni watazamaji waliohesabiwa. Kael, Ebert, Faludi, na wanawake waliokaa kimya gizani huku jirani zao wakipiga kelele, nao pia walikuwa watazamaji.

Lugha nayo ilitunza kumbukumbu ya hukumu ile. Kutokana na sungura aliyechemshwa, Kiingereza kilipata jina jipya ambalo kwa Kiswahili twaweza kulifasiri "mchemsha-sungura", nalo limeingia katika kamusi. Hutumiwa kumkebehi mwanamke anayekataa kuachwa. Wenye kuchunguza maneno wataona jambo la maana hapa: hadithi ya watu wawili imetoa tusi la mtu mmoja. Halikuzaliwa jina la mwanamume anayempa mtu tumaini kwa siku mbili, kisha akajifanya hamjui.

VI. Watazamaji wasioalikwa

Miaka minne baadaye Michael Douglas huyo huyo alikuwa San Francisco akicheza katika Basic Instinct, iliyoongozwa na Paul Verhoeven kwa mchezo wa Joe Eszterhas. Hapo yalitokea mambo yaliyo kinyume cha yale ya 1987. Nakala ya mchezo ilikuwa imewafikia watetezi wa haki za mashoga na wasagaji, nao waliona kwamba wanawake wanaopenda wanawake wameonyeshwa humo kuwa wauaji. Mwaka 1991 walikwenda mahali picha zilipopigwa, wakapiga filimbi na kelele ili kuharibu kazi, na polisi wakawakamata baadhi yao. Eszterhas alikutana nao, akapendekeza mabadiliko kadhaa, Verhoeven akayakataa. Sinema ilipotolewa mwezi wa Machi, 1992, walisimama nje ya kumbi na kuwaambia wapitao ni nani muuaji, ili taharuki iharibike. Hata hivyo ilipata zaidi ya dola milioni 350.

Haifai kusema kwa haraka kwamba waandamanaji walikuwa na haki katika kila jambo. Kuhukumu kazi ambayo haijakamilika ni jambo la hatari, na miaka ya baadaye hata baadhi ya wasagaji waliipenda sinema hiyo. Lakini mtu akiyaweka matukio haya mawili katika mizani, ataona kwamba hoja ya uhuru wa mtunzi, iliyotolewa kwa nguvu mwaka 1991, haikumsaidia Close mwaka 1987. Maoni ya watu walioalikwa na wenye kampuni yalibadili kifo cha mhusika. Maoni ya watu waliosimama barabarani hayakubadili neno. Hapana shaka fedha ndizo zilizokuwa mpimaji katika mahali pote pawili.

VII. Maoni ya baadaye

Mwaka 1992 mwisho wa kwanza wa Fatal Attraction ulitolewa katika kanda za video, na watu wakaweza kulinganisha wenyewe. Close aliendelea kumtetea Alex kwa muda wa miaka mingi. Ndugu yake wa kike na mtoto wa ndugu yake huyo waliugua maradhi ya akili, naye akashiriki kuanzisha shirika la kupambana na aibu wanayotwikwa wagonjwa wa namna hiyo. Akasema pia kwamba sinema ile ilichangia aibu hiyo.

Mwaka 2014 Dearden aliigeuza hadithi yake kuwa mchezo wa jukwaani katika Theatre Royal Haymarket, mjini London, na akaurudia mwelekeo wa mwisho wake wa awali. Mwaka 2023 ilitolewa tamthilia ya televisheni ambamo Dan anaonekana akiachiliwa baada ya miaka 15 gerezani kwa kosa la kumwua Alex. Tamthilia hiyo haikuendelea baada ya msimu mmoja, na si lazima tuione kuwa kazi bora. Lakini mzigo umerudishwa mahali ulipokuwa katika Diversion, mabegani pa mwanamume, na umerudishwa kwa sababu watazamaji wa leo hawaridhiki tena na risasi ya Beth.

Hitimisho

Mambo matatu yanatokana na habari hii. La kwanza, mwisho wa sinema ya biashara hauwezi kusomwa kama neno la mtunzi peke yake. Atakayeandika kwamba Dearden au Lyne "alitaka" Alex auawe atakuwa amemsingizia mtu hukumu ya baraza. La pili, jina "watazamaji" lisitumiwe bila kuuliza ni wapi na ni wangapi. Ndani yake wamo waliohesabiwa na wasiohesabiwa, na historia iliyoandikwa kwa hesabu za karatasi tu ni historia ya wa kwanza. La tatu, maoni huchakaa upesi kuliko kazi iliyotengenezwa kwa ajili yake. Watu walioalikwa mwaka 1987 walijibu kwa ukweli jinsi walivyojisikia usiku mmoja, kisha wakaenda zao. Alex amebaki bafuni mwa watu wengine, akiuawa kila sinema inapoonyeshwa, mbele ya watazamaji ambao wengi wao sasa wanamhurumia.